Kila Alipokufa Alipitia Saluni

Nianze na kiti, maana ugomvi wetu wote ulianzia kwenye kiti. Saluni yangu ilikuwa chumba chembamba katikati ya mji wa Durban, kimebanwa kati ya duka la simu la Mrundi mmoja na mama wa Kizulu aliyeuza mahindi ya kuchemsha nje ya ukuta wetu. Ndani kulikuwa na viti vya wateja, lakini kimoja tu ndicho kilikuwa cha maana, kile cha dirishani. Kilipanda na kushuka, kilizunguka, na aliyekikalia aliiona barabara yote mpaka kwenye roboti, kama wanavyoziita huko taa za kuongoza magari. Wateja walikigombea. Nami mara kwa mara, saluni imejaa, wanawake wamesimama na pakiti za nywele mikononi, nilikikuta kimekaliwa na mwanamume mwenye upara.

Upara kamili, unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini huyu hakuwa na hata moja ya kumletea msusi, na bado alikalia kiti changu bora, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na kutazama nje. Baada ya kama nusu saa aliinuka, akasimama mlangoni, akajipangusa suruali na mikono ya shati kwa viganja, pa, pa, pa, kama mtu aliyetoka kusaga unga, kisha akaenda zake. Safari nyingine hata kuaga hakuaga.

Alikuwa Mfilipino. Nalisema mapema kwa sababu mji mzima ulimwita Mchina, na yeye kila alipoitwa hivyo alisimama kusahihisha, hata kama aliyemwita ni konda wa teksi iliyokwisha kuondoka. Nimewahi kumkuta kando ya barabara akiueleza moshi wa gari kwamba Manila haiko Uchina.

Tuliishi jengo moja pale Albert Park, yeye ghorofa ya juu yetu. Mimi niliishi na Mama. Mama alikuja kutoka Bukavu mwaka 2008, baada ya dada yake wa mwisho kufariki na kubaki hana wa kumtazama, akaletwa na jamaa wa kanisani, mpaka baada ya mpaka, mpaka akanifikia. Alikuwa mwanamke aliyeujua mtaa wetu wa Kadutu, kule Bukavu, nyumba kwa nyumba, nani anadaiwa chumvi na nani. Durban ilimshinda. Majengo yote kwake yalikuwa jengo moja, na barabara zote barabara moja. Asubuhi nilimshika mkono kumpeleka saluni, jioni nilimshika mkono kumrudisha. Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika funguo. Hakuwahi kwenda peke yake hata kununua mkate.

Mara nyingi, tukisubiri taa ibadilike, alinibana vidole na kuniambia jambo lile lile.

"Hii muji yote inafanana. Nikifia hapa nitapotea, mutoto yangu. Sijue njia."

"Hautapotea, Mama. Minakushika mukono."

"Na nikisha kufa?"

"Hata ukisha kufa. Tembea, roboti inageuka."

Ndivyo nilivyomjibu, kwa haraka ya barabarani. Lakini yeye aliyashika maneno yale kama ahadi, na kadiri alivyozeeka aliniuliza zaidi, na mimi nikajikuta nimefungwa nayo.

Basi, lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa tangu kabla hatujahamia, na Mama alipanda ngazi akipumzika kila baada ya ghorofa moja. Siku moja mwaka 2009 Mfilipino alimkuta ameketi ngazini, akambebea mfuko, akampa mkono, akamsikiliza maneno asiyoyaelewa mpaka mlangoni. Kuanzia siku hiyo Mama alimwita mtoto wake. Mimi nilimwita papa, kwa heshima, kwa kuwa alikuwa amepita miaka hamsini. Heshima hiyo kuna siku nilitamani kuirudisha dukani nilikoinunua.

Historia yake aliieleza akiwa kwenye kiti cha dirishani, kipande kipande. Kazi yake ya asili ilikuwa sinema. Si nyota, la. Hata adui mkuu hakuwa. Alikuwa yule mtu anayesimama nyuma ya adui mkuu akitafuna njiti ya kiberiti, ambaye risasi ya kwanza ni yake. Ujanani alipigana ngumi, pua ikavunjika ikaungana vibaya, uso ukabaki na makovu ya chunusi, na siku moja mwenye sinema alimwona sokoni Manila akibeba mabonge ya barafu begani. Akamwambia, uso kama huu si wa kubebea barafu. Kesho yake aliangushwa kutoka juu ya paa, akaangukia makatoni, akainuka akicheka. Wakaona wamepata mtu.

Tangu hapo alikufa. Alikufa kwa risasi, kwa panga, kwa kuzamishwa, kwa kusukumwa kwenye treni. Sinema alizocheza ni nyingi kuliko alizoweza kukumbuka, na hakuna hata moja aliyofika nayo mwisho akiwa hai. Alilisema hilo kwa fahari, kama fundi anayesema hakuna nyumba yake iliyowahi kubomoka. Wauza samaki wa kwao walikataa kumuuzia, wakimwambia akawaulize aliowaua. Mama yake mzazi alikwenda kumtazama mara moja tu, sinema ya kwanza. Mwanawe alipoanguka kwenye lile paa alisimama katikati ya ukumbi akaliita jina lake kwa sauti, akalia, akakataa kunyamaza, wakamtoa nje. Hakurudi tena ukumbi wowote wa sinema.

Baadaye magoti yalichoka kuanguka, vijana wenye pua mbaya kuliko yake wakaja, na kazi ikaisha. Akawa mpishi wa meli za mizigo. Meli moja ilipotia nanga Durban kidole tumbo kilimpasukia, wakampeleka hospitali, na alipozinduka meli ilikuwa imeondoka. Kwa nini hakurudi kwao hakuwahi kunieleza kwa namna moja mara mbili. Alipata kazi jikoni kwenye mgahawa karibu na bandari, na kule jikoni ndiko walikomwona tena watu wa sinema.

Maana Durban miaka ile ilikuwa inapigwa picha sana. Watu walikuja na magari na mitaa yao ya kubandika, wakaigeuza bandari yetu kuwa bandari ya popote walipotaka. Walihitaji Mchina, walimchukua yeye. Walihitaji Mjapani, yeye. Mkorea wa dawa za kulevya, yeye. Mwaka wa Kombe la Dunia alikuwa Mmeksiko kwenye tangazo la biskuti, na hata kwenye biskuti walimwangusha chini.

Na kila alipokufa alipitia kwangu. Alikuja na rangi nyekundu nyuma ya sikio, alikosahau kuifuta, na wateja wangu wakashika vifua. Siku moja mmoja, dawa ya kulainisha nywele imekwisha kupakwa kichwa kizima, alimuuliza kwa ubishi mtu anawezaje kufa asipepese macho. Ungemuuliza swali lingine lolote. Akaweka kikombe chini, akajishika kifua, magoti yakatangulia, kisha nyonga, kisha bega, kichwa mwisho, akalala sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa, macho wazi yanatazama dari. Hakupumua. Sisi wenyewe, tuliomzoea, tuliinama kumtazama. Yule mteja alipiga yowe akatoka mbio na taulo shingoni. Nilimkimbilia na ndoo ya maji mpaka kwenye roboti, maana ile dawa ikikaa inachoma ngozi, nikamwosha kichwa pale pale huku teksi zikitupigia honi. Niliporudi marehemu alikuwa amekwisha kuinuka, anamwomba Mama sukari.

"Papa, weye iko mutu mubaya kabisa," nilimwambia.

"Alikuwa naniuliza," akajibu. "Kuuliza si ujinga. Mama njo alinifundisha."

Hilo nalo. Kiswahili alifundishwa na Mama, pale pale kitini, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu mwingine alikizungumza kama bibi wa Kadutu, na "njo" yetu badala ya "ndiye" na "ndiyo". Alisonya kama Mama. Alipokereka alisema "weye mwenzangu, niachie roho yangu" na kuushika mgongo. Wanaume wa Kikongo waliokuja kuwachukua wake zao walicheka mpaka wakashika ukuta. Mama hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na swali lake moja, alilomuuliza kila alipoingia na ile rangi.

"Leo bamekuzika wapi?"

"Hawanizike, Mama. Banasema inuka, enda kula."

"Mutu anakufa, hakuna hata moja wa kumulilia? Hakuna shimo? Iyo ni kazi ya namna gani?"

Na hapo Mama alimlilia yeye mwenyewe kidogo, kwa dhati, akimpapasa mkono. Tulipoletewa kanda za kazi zake alitazama mpaka anapoanguka, kisha akaniamuru nizime. Yaliyobaki ya sinema hayakumhusu. Sijui mwisho wa sinema hata moja kati ya zile.

Msaidizi wangu wa saluni alikuwa na maelezo yake kuhusu zile ziara. Alisema mwanamume hakai saluni bure, papa anakutaka. Nilimwambia afunge mdomo asuke. Lakini sitaficha, kwa mwezi mzima nilivaa hereni zangu nzuri. Alikuja na tundu la risasi la kubandika kwenye paji la uso, akatazama nje kupitia katikati ya hereni zangu, akajipangusa, akaondoka. Nikazirudisha kwenye kopo. Nikaamua ni upweke tu, na upweke ninauelewa, ila si siku za Jumamosi.

Kisha ikaja ile siku ya mwaka 2012. Tulimwona dirishani anapita kwa miguu, simu mkononi, hana hata tone la rangi. Mama alimpungia. Hakugeuka. Alipita mlango wetu kama hajawahi kuuona, akavuka barabara taa ikiwa nyekundu, akaelekea Albert Park moja kwa moja. Yule Mrundi wa duka la simu, aliyemuuzia vocha ya kupiga kwao, ndiye aliyetuambia baadaye kwamba mama yake alikuwa amefariki. Hakuweza kwenda kumzika. Pasipoti ilikuwa imekwisha muda, na yeye mwenyewe nchini humo alikuwa na karatasi za kuungaunga, akitoka harudi.

Nilipika, kama watu wanavyofanya, nikapanda na Mama mpaka kwake. Alifungua mlango upana wa sufuria, akaipokea, akasema asante, akafunga. Niliumia, na nilipoumia nilikasirika. Vifo vya uongo alituletea na damu na kila kitu, tukavilia, tukavinywesha chai. Cha kweli amekipeleka kwake na kujifungia nacho.

"Umuache," Mama akasema ngazini. "Iko na mama yake mule ndani."

Nilidhani ni maneno ya uzee, nikamshika mkono tukashuka.

Mwaka uliofuata alipata bahati ya maisha yake. Walikuwa wanapiga tamthilia, na ndani yake kulikuwa na mzee mwenye duka bandarini, babu wa watu, mwenye maneno ya kusema na wajukuu wa kubembeleza, na mzee huyo alikuwa hafi. Nasisitiza kwa sababu yeye alitusisitizia. Hafi mwanzo, hafi katikati, na mwisho anakaa nje ya duka lake anakunywa chai. Saluni yote ilishangilia. Mama alimwombea kwa rozari. Alifanya mazoezi ya kunywa chai kitini kwangu kwa wiki nyingi, na kwa mara ya kwanza sikumwinua, nilimwacha akalie hata Jumamosi.

Siku ya kupiga picha ya mwisho, mchana, saluni imejaa, akaingia. Damu mpaka kiunoni. Akakaa.

Nilishusha kitana. "Papa. Si mulisema hafi?"

"Ile mwisho ilikuwa haina nguvu," akasema, akitafuta kikombe chake. "Babu anakunywa chai, halafu? Hakuna kitu. Nikawaonyesha namna anaweza kuanguka mulangoni, na kikombe. Bote balipiga makofi. Muongozaji alilia."

"Weye mwenyewe uliwaambia wakuue?"

"Ni kazi, dada. Ilikuwa inataka ile."

Nakumbuka nilikaa chini. Miaka ametuchosha na kufa kwake, amepewa uhai kwenye sahani, akaurudisha jikoni wakautie chumvi! Nikamwambia basi nenda kwako, leo sina nafasi, nenda ukaoge, nenda ukalale. Akatikisa kichwa, akasema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Siwezi kwenda nyumbani, nimetoka kufa. Lazima nipite kwanza fasi ingine."

Ndipo ikatoka. Kwao, mtu akitoka kwenye msiba haendi moja kwa moja nyumbani, kwa sababu marehemu humfuata. Hupita mahali pengine, dukani, sokoni, popote, akakaa kidogo, akajipangusa, na yule aliyemfuata hupoteza njia akabaki huko. Mama yake ndiye aliyemwekea sheria, tangu ule usiku wa ukumbini. Alimwambia, kufa huko utakufa kwa kuwa ni kazi, lakini usiniletee mlangoni kwangu. Manila alipitia kwa muuza mikate. Durban alipitia kwangu.

Nilihitaji muda kidogo hesabu iniingie. Kisha ikaingia yote kwa pamoja. Wachina wake, Wajapani wake, Mmeksiko wa biskuti, wote aliwaleta hapa, akawapangusa mlangoni kwangu, pa, pa, pa, akaenda kulala na amani. Na Mama, ambaye miezi ile miguu ilikuwa imeanza kuvimba na pumzi kumpungukia, alikuwa anakaa humo humo kutwa nzima.

"Umeniletea maiti zako saluni!" nilipiga kelele. "Umezirundika hapa na mama yangu ndani!"

"Si maiti ya kweli, dada. Ni sinema."

"Kama si ya kweli, unapangusa nini?"

Akavitazama viganja vyake. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia kiti changu asikikalie tena, na wateja, ambao walikuwa wamempenda mpaka dakika ile, wakanyanyua miguu apite wakiogopa asiwaguse. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini mambo hayo. Lakini nilimwaga maji ya chumvi kwenye kizingiti, na sakafu nikaipiga deki mara mbili.

Mama alinipa mgongo. Aliponifungulia kinywa ilikuwa kunilaumu.

"Na siye tukitoka kuzika hatunawe mikono? Hata hawa Bazulu banaweka beseni ya maji ku mulango. Yeye hana mulango, hana beseni. Iko peke yake. Sasa atanawia wapi?"

"Atanawia kwa mwingine, Mama."

Akanawia kwa jirani. Alihamishia vifo vyake duka la simu, akakaa kwenye stuli ya Mrundi katikati ya vifuniko vya simu, na Mrundi akaja kunilalamikia mimi, kama vile mzee yule nilimzaa. Mama aliomba kiti chake cha plastiki kisogezwe mlangoni. Kutoka pale alimwona akitoka kwa Mrundi akijipangusa, akampungia, naye akampungia, wakaulizana kwa sauti ya barabarani leo amezikwa wapi. Nilikuwa nimekataza kiti, sikuwa nimekataza barabara.

Mama alifariki mwaka 2014, asubuhi, nikiwa namvika soksi. Kumrudisha Bukavu hakukuwezekana, na aliyeishi kwa karatasi ya ukimbizi hahitaji kuelezwa kwa nini. Tulimzika nje ya mji, kwenye kilima chenye makaburi yanayofanana yote, safu kwa safu, na niliposimama pale nilisikia sauti yake wazi kabisa, hii muji yote inafanana. Wanawake wa kanisa waliimba vizuri. Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama njia tuliyokuja nayo, kona zake, nikijaribu kuikumbuka.

Mfilipino alikuja. Hata siku hiyo alinikera. Alivaa suti nyeusi niliyoifahamu, ile aliyopigiwa risasi akiwa Mjapani, tundu la kifuani limeshonwa kwa uzi usiofanana. Alilia kwa sauti, bila mpangilio, kamasi zinatoka, na alikuwa anapepesa macho. Kwenye sinema hakuwahi kulia vile, wasingempa kazi.

Teksi tuliyokodi, basi dogo kama zilivyo teksi za huko, ilituteremsha kilimani kurudi mjini, yeye mbele kwa dereva. Nilijua kuna kitu. Nilimwona ananong'ona, dereva anaitikia sharp, sharp, yaani sawa, sawa. Badala ya kupinda kuelekea Albert Park tukaingia barabara ya saluni, na tukasimama mbele ya mlango wangu uliofungwa. Pale nje mama wa mahindi alikuwa ameweka beseni la maji na taulo. Walikuwa wamepanga, yeye na huyo mama na wanawake wa kanisa, bila kuniuliza. Wakashuka wote, mmoja mmoja, wakanawa, na mama wa mahindi akimmiminia kila mmoja maji kwa kopo. Mimi nikabaki kwenye kiti cha nyuma.

Mfilipino akaja akafungua mlango wa pembeni.

"Dada, shuka. Kidogo tu, unanawa, tunaenda."

"Sishuke."

"Sikia, najua ulikataa. Lakini leo ni ya kweli. Ukienda moja kwa moja nyumbani, Mama atakufuata."

Hapo uvumilivu ukaniisha, wa siku ile na wa miaka yote.

"Njo ninataka anifuate!" nilimwambia. "Hajue njia! Miaka yote anatoka hapa na kufika nyumbani kwa kushikwa mukono. Leo nimuache hapa ku beseni, kwa barabara, mulango umefungwa? Nani atamuvusha pale ku roboti? Weye?"

Wanawake wa kanisa waligeuka na mikono yao inadondoka maji. Nilijiandaa kwa ubishi, kwa sababu mtu yule alibishana mpaka na moshi. Lakini alisimama tu, ameshika mlango wa teksi, akitazama kule kwenye taa. Kisha akaongea taratibu.

"Mimi pia, ile siku, sikusimama."

Nikamwona tena anapita dirishani na simu mkononi, hageuki, anavuka taa ikiwa nyekundu, moja kwa moja mpaka kwake. Nikaukumbuka ule mlango uliofunguliwa upana wa sufuria, na neno la Mama pale ngazini.

Akapanda. Hakunawa. Akakaa kiti cha nyuma, si karibu yangu, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, akamwambia dereva aende polepole.

Lifti ilikuwa imekufa kama kawaida. Nilishika funguo kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikauacha wazi, nikapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza nilisimama, pale Mama alipozoea kupumzika. Nyuma yangu, ngazi chache chini, na yeye akasimama akangoja. Tulipokwisha kupumzika tukaendelea.